Nati Isiyo na Chaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Radhia alipita kwanza garajini kwa baba yake, palepale Buyenzi, kwenye avenyu ya pili kutoka nyumbani kwao. Kazi yake ilikuwa moja tu. Aliyapitia magari yote yaliyomalizika jana yake, akainama kwenye kila gurudumu na kuangalia chaki.

Chaki ilikuwa sheria ya Fundi Seifu, baba yake. Nati ikishakazwa kwa mara ya mwisho, unaipiga mstari mweupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Kama mstari haupo, nati haijakazwa, hata fundi aape kwa lugha zote za mjini. "Mkono umekaza nati elfu," baba alizoea kusema. "Ukiuliza kama umekaza na hii, utakwambia ndiyo. Haudanganyi. Unakwambia ya jana."

Radhia aliyasikia maneno hayo tangu alipokuwa akinyonya kidole. Sasa ana miaka kumi na minne, yuko darasa la tisa, na kama watoto wengi wanaoambiwa jambo la maana kila siku, ameacha kulisikia siku nyingi.

Jambo jingine lililojulikana juu yake ni hasira. Bibi yake alisema kwamba Radhia akija, hasira zake hufika kwanza, halafu ndipo yeye anafuata. Akishindwa mchezo, alikasirika. Akishinda na mtu akasema amebahatisha, alikasirika zaidi. Wenzake walimheshimu kwa akili zake, ila kabla ya kukaa karibu naye walipima kwanza.

Wiki hizo alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote. Kwa ajili ya siku ya sayansi shuleni, alikuwa ametengeneza kinu kidogo cha upepo: mapanga ya bati, ekseli ya baiskeli, na dinamo ya baiskeli ambayo baba alimpa. Mapanga yakizunguka, dinamo inazunguka, taa inawaka. Kufuli la darasa lao lilikuwa la kumwachia Mungu tu, kwa hiyo kila jioni Radhia aliifungua dinamo akarudi nayo nyumbani, na kila asubuhi aliifunga tena kwa skrubu mbili. Alifanya hivyo wiki mbili nzima.

Dawati la nyuma yake alikaa Loïc, mvulana mrefu aliyekuja kwa baiskeli kutoka Gasenyi, mbali kule kaskazini. Baiskeli yake haikuwa na taa. Jumatatu, mbele ya watu, alimwambia, "Radhia, hiyo dinamo unaifungia bure. Nipe mi niifunge kwenye baiskeli yangu, nayo itembee ione mji." Darasa zima likacheka. Radhia hakucheka. Alikichukua kicheko kile akakitia moyoni, na huko kikakaa kikichemka.

Basi Alhamisi ikafika. Saa nne, mwalimu wa sayansi alimwita aonyeshe kinu chake. Radhia alikwenda mbele kwa madaha, akashika mapanga kuyazungusha, kisha akasimama. Mahali pa dinamo palikuwa na mashimo mawili ya skrubu na hewa.

Aligeuka polepole. Macho yake hayakutafuta huku wala kule. Yalikwenda moja kwa moja mpaka dawati la nyuma.

"Loïc. Nipe dinamo yangu."

Loïc alidhani ni mzaha, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoharibu kila kitu.

"Usinichekee. Nimekuona. Wakati wa mapumziko umetoka darasani na kitu umekificha ndani ya sweta yako. Umekishika hivi, kwa mkono wa kushoto."

"Mi? Apana, mi nilikuwa uwanjani."

"Nimekuona kwa macho yangu haya mawili," Radhia alisema.

Hapa nataka niwe mkweli kwenu. Radhia hakuwa akidanganya. Alipofumba macho aliiona picha yote: mlango, Loïc anatoka mbio, sweta ya kijani imevimba tumboni, mkono wa kushoto umeibana. Hata ungemleta mbele ya hakimu asingebadili neno. Na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya, kwa sababu mwongo huogopa, lakini aliyekosea huku akiamini haogopi kitu.

Wakapelekwa kwa direktrisi wa shule, Madamu Epiphanie, mama mnene wa miwani ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa kuwa hakuhitaji. Alimpa Radhia karatasi. "Andika ulichokiona."

Radhia aliandika ukurasa mzima, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi. Begi la Loïc likapekuliwa, halikuwa na kitu. Lakini Loïc alikuwa ameshapunguzwa alama za nidhamu mara tatu kwa kuchelewa, maana Gasenyi si karibu, na wizi katika shule ile ulikuwa na adhabu moja, nayo ni kufutwa shule.

"Umebaki na wiki tatu ufanye konkuru," Madamu Epiphanie alimwambia Loïc. "Kesho asubuhi uje na mzazi. Baraza la nidhamu litakaa saa mbili."

Kila mtoto wa darasa la tisa alijua maana yake. Anayefutwa jina lake linaondolewa kwenye orodha ya konkuru, ule mtihani wa taifa. Hafanyi konkuru, na mwaka mzima umekwenda na maji. Loïc hakulia. Alimtazama Radhia kwa muda mrefu, akachukua baiskeli yake akaondoka akiikokota, kama aliyesahau kwamba hupandwa.

Radhia alirudi nyumbani akiwa ameshinda, lakini hasira haikupungua. Aliingia garajini akatupa mkoba, akapiga teke tairi bovu. Fundi Seifu, aliyekuwa chini ya gari, aliona miguu yake tu na akajua.

Hawakukaa sana. Saa tisa na nusu aliingia mwanamke mwembamba mwenye kikapu, jasho likimtiririka. Alikuwa ametembea.

"Mwiriwe," alisalimu kwa Kirundi, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Natafuta Fundi Seifu, baba ya Radhia. Mi naitwa Dative. Ni mama ya Loïc."

Fundi Seifu alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Karibu, Mama Loïc. Kaa kwenye benchi."

"Sikai."

"Basi tusimame wote," alisema Fundi Seifu, akasimama.

Dative aliingiza mkono kikapuni, akatoa sweta ya kijani ya shule na kuitandaza juu ya boneti ya gari. Sweta ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa pili zilining'inia nyuzi tu.

"Mi ninafuma sweta za shule kwa mashine," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hii ni ya Loïc. Jumatatu aliporudi na mvua, mnyororo wa baiskeli uliikamata, ikachanika. Jioni ileile niliufumua mkono ili niufume upya. Tangu siku hiyo iko kwangu. Sasa binti yako aniambie, leo mutoto wangu ameficha dinamo ndani ya sweta gani?"

"Ana nyingine," Radhia alisema upesi.

"Nyingine?" Dative akamgeukia. "Unadhani uzi wanatugawia bure? Anayefuma sweta za watoto wa watu, wa kwake ana moja, na hiyo unaiona haina mkono."

"Nilimwona."

"Radhia," baba alisema.

"Nilimwona, baba. Kwa nini kila mtu ananiuliza mimi? Aliyeibiwa ni mimi."

Fundi Seifu alimgeukia mgeni. "Mama Loïc, usiudhike na nitakalosema. Neno la mama juu ya mwanawe halina chaki. Na neno la binti yangu pia halina chaki. Tuitafute chaki iliko." Kisha akamwambia Radhia, "Fumba macho."

"Unanihoji kama mwizi."

"Mwizi angehojiwa na polisi. Wewe nakuhoji mimi baba yako. Fumba macho. Usiniambie Loïc amefanya nini. Niambie wengine waliokuwa nje wanafanya nini."

Radhia alifumba macho kwa kishindo, kama kuna mtu anaweza kufumba macho kwa kishindo. "Wanakimbia. Wamejifunika vichwa kwa madaftari. Mvua ina…"

Akafumbua macho.

Mjini hapakuwa na tone la mvua tangu Jumanne. Vumbi la avenyu lilikuwa limetanda mpaka kwenye kope za Dative.

"Leo ni siku gani?" baba aliuliza.

"Alhamisi."

"Na Alhamisi mnaanzia wapi?"

Radhia alijitazama kifuani. Alikuwa bado amevaa fulana nyeupe ya michezo. Kila Alhamisi darasa zima huja na fulana, na huanzia uwanjani saa ya kwanza. Siku hiyo hakuna aliyevaa sweta, si Loïc wala mwingine yeyote. Picha ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya Jumatatu. Loïc alikuwa akikimbia mvua, na alichokificha ndani ya sweta bila shaka ni daftari lake.

Mtu mwingine hapo angeomba radhi. Radhia alizidi kukasirika. Uso ulimwaka.

"Sawa, si Loïc. Basi ni mwingine. Dinamo niliifunga leo asubuhi, hilo nalijua. Nakumbuka skrubu zilivyozunguka. Nakumbuka hata zilivyokuwa baridi."

"Skrubu unazikaza kwa kidole gani?"

"Kidole gumba, kwanza kwa kidole, halafu bisibisi." Akakiinua amwonyeshe. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, kinene.

"Kitambaa hicho umekifunga lini?"

"Jana jioni."

"Haya. Katika hiyo kumbukumbu yako ya leo asubuhi, unavyokaza skrubu, kidole kina kitambaa au hakina?"

Radhia alifumba macho tena, safari hii taratibu. Aliziona skrubu mbili. Aliuona mkono wake. Akakitafuta kitambaa, akakitafuta tena. Kidole kilikuwa kitupu, kizima, na kilisikia baridi ya chuma ambayo kitambaa kingeizuia.

"Hakina," alisema.

"Ulijikata na nini?"

"Kopo. Kopo la nyanya, nilikuwa nakata mfuniko."

"Kopo la kazi gani?"

Alikwishakumbuka. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Radhia aliinama kwelikweli, akapiga magoti kwenye mafuta ya sakafuni, akaingiza mkono chini ya benchi la baba. Akavuta kopo la nyanya lililojaa petroli. Ndani yake, imelala salama, ilikuwa dinamo. Jumatano jioni ilikuwa inalia ikizunguka, akailoweka ilainike, akajikata, akakimbilia kufunga kidole. Alhamisi asubuhi alipita kwenye magari, akawahi uwanjani, na hakuigusa. Mikono yake ilikuwa imeifunga dinamo ile asubuhi nyingi mno, kiasi kwamba kichwa kilimpa asubuhi nyingine na yeye akaipokea.

Alitamani kulitupa kopo ukutani. Alitafuta mtu wa kumkasirikia na akamkosa.

"Imepatikana," alisema kwa sauti ndogo, akimwinulia Dative kopo, kana kwamba hiyo ingetosha.

Dative hata hakulitazama. Alikuwa anaikunja sweta.

"Mi sikuja kutafuta dinamo," alisema. "Nimekuja kutafuta jina la mutoto wangu, na hilo haliko chini ya benchi. Umelichafua mbele ya watu arobaini. Kesho utalisafisha kwa mdomo uleule, mbele ya watu walewale." Akamwinamia Fundi Seifu kidogo kwa heshima, akaondoka.

Walipobaki wawili, Radhia aliuliza, "Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Ungekuwa mwongo kazi ingekuwa rahisi." Fundi Seifu aliketi sasa, amechoka. "Unadhani kichwa ni kabati. Unaweka kitu, kesho unakikuta kama ulivyokiacha. Sivyo. Kila unapokumbuka, kichwa kinafunga injini upya. Kikikosa kipande, kinachukua cha gari jingine. Na kibaya zaidi, injini inawaka vizuri tu, kwa hiyo huna unachoshtukia. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na bado napiga chaki. Unafikiri ni kwa ajili ya wateja?"

Radhia aliuokota mkoba wake, akaenda nyumbani. Usiku huo alikasirika na mto, na shuka, na jogoo wa jirani. Lakini asubuhi aliamka mapema.

Saa mbili, Loïc na mama yake walikuwa wamekaa kwenye kiti kirefu nje ya ofisi. Radhia aliwapita bila kuinua macho, akagonga mlango. Aliweka dinamo juu ya meza ya Madamu Epiphanie, bado inanuka petroli, akasema yote, kuanzia kopo mpaka mvua ya Jumatatu. Baraza lilisikiliza. Alipomaliza, direktrisi alifungua faili akatoa karatasi ya jana na kuisukuma mbele yake, pamoja na karatasi nyingine tupu.

"Jana nilikwambia uandike ulichokiona. Leo nakwambia hivyo hivyo. Andika jana uliona nini."

Radhia alishika kalamu. Alikaa nayo muda mrefu. Mwishowe aliandika mistari miwili: *Niliona kinu changu hakina dinamo. Nilimwona Loïc amekaa kwenye dawati lake.* Akafikiri kama kuna jingine, lakini hakulipata.

Madamu Epiphanie alizibeba karatasi zote mbili, wakaenda darasani wote, pamoja na Loïc na mama yake. Hapo Radhia alisoma ile ndefu, kisha fupi. Kuisoma ile ndefu mbele ya Dative kulikuwa kugumu kuliko adhabu yoyote ambayo angepewa. Halafu akasema, "Loïc hakuiba. Dinamo niliisahau mwenyewe. Nilimsingizia. Naomba msamaha kwake na kwa mama yake."

Direktrisi aliinua karatasi moja kila mkono.

"Angalieni," alisema. "Hii ndefu imeandikwa na mtoto asiyedanganya. Aliiamini yote. Ningeifuata, mwenzenu angekosa konkuru. Na mimi nina kosa langu, kwa sababu niliupokea ukurasa mzima bila kuuliza swali hata moja. Kuwa mkweli si kusema unachokiamini kwa nguvu. Ni kwanza kukikagua. Jiulize: hili nililiona, au nimelijazia? Niliona leo, au niliona siku nyingine? Na mkiwa na hasira, jiulizeni mara mbili, kwa sababu hasira haipendi nafasi tupu. Itaijaza kwa mtu iliyemchagua zamani."

Loïc hakufutwa, na jina lake likabaki kwenye orodha ya konkuru. Radhia ndiye aliyepunguzwa alama za nidhamu, na hakulalamika.

Wakati wa mapumziko, Loïc alimfuata kwenye bomba la maji. "Darasa lina watu arobaini," alisema. "Kwa nini mimi?"

Radhia angeweza kusema ni sweta, au ni mvua. "Kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia tangu Jumatatu," alisema. "Ulifanya watu wanicheke. Kichwa kilipotafuta mwizi, ulikuwa umeshakaa humo tayari."

Loïc alifikiri. "Mi nimekasirika bado."

"Najua."

"Usinisemeshe mpaka hasira iishe."

"Sawa."

Ikapita wiki moja. Siku ya sayansi, wazazi wakiwa wameanza kuingia uwanjani, Radhia alifunga dinamo kwa skrubu mbili, akachukua kipande cha chaki, akapiga mstari kwenye kila moja. Alipoinua uso, Loïc alikuwa amesimama pembeni na mikono mifukoni. Hakusalimu. Aliinama, akatazama mistari miwili myeupe. Kisha, kana kwamba hata chaki hakuiamini, akazijaribu skrubu kwa vidole vyake, moja baada ya nyingine.

"Zimekazwa," alisema, akaenda kukaa na mama yake.